Inzi wa Embe Hajui Mpaka wa Lupango



Sisi wa Kabalo mzeituni hatuujui kwa macho, tunaujua kwa masikio. Tumesikia kanisani kwamba njiwa wa Nuhu alirudi na jani lake mdomoni, na kwamba Bwana Yesu alikwenda kusali kwenye mlima wenye jina lake. Leo ninaanza na mti huo wa mbali kwa sababu adui wake mkubwa ni ndugu wa ukoo mmoja na adui tunayemkuta ndani ya maembe yetu kila mwaka, mvua zinapokolea. Wote wawili ni inzi. Na wenye mizeituni wamepigana na inzi wao kwa muda mrefu kuliko sisi, kwa hiyo tuna jambo la kujifunza kwao.

Inzi wa zeituni ni mdogo kuliko inzi wa nyumbani. Wataalamu humwita Bactrocera oleae. Jike ana mwiba nyuma ya tumbo. Kwa mwiba huo hutoboa ngozi ya zeituni na kuweka yai, mara nyingi yai moja kwa tunda moja. Yai linatoka funza, funza anakula nyama ya tunda, na tunda linaanguka au linatoa mafuta mabaya. Funza huyo hakui katika tunda lingine lolote. Chakula chake ni zeituni tu. Hispania, Italia na Ugiriki wamehangaika naye kwa vizazi vingi. Mwaka 1998 alionekana Kalifornia, kule Marekani, mahali ambapo hakuwepo kabla, na baada ya muda mfupi akawa ameenea katika jimbo lile.

Watafiti wa kule walijiuliza: je, duniani kuna mahali ambapo inzi huyu amekuwepo siku nyingi na bado hajashinda? Jibu waliliona Afrika. Katika misitu ya milima ya Kenya na huko Afrika Kusini kuna mizeituni ya porini, yenye matunda madogo sana. Inzi yupo humo, lakini pamoja naye yupo nyigu mdogo anayemwinda. Jina lake la kitaalamu ni Psyttalia lounsburyi. Nyigu huyu hamuumi mtu. Anatafuta funza aliyejificha ndani ya zeituni, anaweka yai lake ndani ya mwili wa funza, na mtoto wa nyigu anamla funza huyo. Wakakusanywa, wakachunguzwa kwa makini kwanza ili wasije wakaleta hasara nyingine, kisha wakaachiliwa kwenye mizeituni ya Kalifornia.

Habari hii inanifurahisha. Tumezoea kusikia kwamba kila dawa inatoka Ulaya au Marekani kuja kwetu. Hapa msaada ulitoka msitu wa Afrika kwenda kwao.

Sasa turudi kwenye maembe.

Afrika ilikuwa na inzi wake wa maembe tangu zamani. Mmoja wao huitwa Ceratitis cosyra. Lakini mwaka 2003 watafiti wa icipe, kituo cha kuchunguza wadudu kilicho Nairobi, walimkuta kule pwani ya Kenya inzi ambaye hawakumjua. Alikuwa ametoka Asia. Mwaka 2005 alipewa jina la Bactrocera invadens, na neno hilo la pili maana yake ni mvamizi. Mwaka 2015 wataalamu walikubaliana kwamba si wa aina mpya, ni yule yule wa Asia aliyejulikana tayari kwa jina la Bactrocera dorsalis. Jina likabadilika, kazi yake haikubadilika. Katika miaka michache tu alikuwa ameingia nchi nyingi za Afrika, Kongo yetu ikiwemo, na mahali pengi amewazidi nguvu inzi wa zamani.

Wazee wa hapa wakisema kwamba wakati wa utoto wao mtu alikula embe bila kuchungulia ndani, tusiwadharau kwamba wanausifu ujana wao. Kuna mgeni aliyeingia, na tunajua hata mwaka alioonekana mara ya kwanza.

Aliingiaje kwa upesi hivyo? Anaruka, ndiyo, lakini safari yake ndefu anaifanya akiwa funza ndani ya tunda. Fikirini mahali tunapokaa. Reli ya Kamina inafika hapa, reli ya Kalemie inaanzia hapa, nyingine inapanda Kongolo, na mto Lualaba unapita. Mama anapanda treni na kikapu cha maembe au mapera, mwingine anashuka na chake. Tunda linaoza njiani, linatupwa kando ya reli, na funza anashuka bila tiketi.

Nimeuza maembe kwa miaka mingi, nayajua kwa kuyashika. Lakini sikuwahi kuona maisha ya inzi huyu yakipangwa kwa siku zake mpaka agronomu mmoja alipotueleza, sisi tukiwa tumekaa chini ya mti. Tangu siku hiyo nayaangalia kwa macho mengine. Nawapa ninyi pia.

Jike anakuja kwenye embe lililokomaa, hata kama bado ni kijani. Anatoboa ngozi na kuweka mayai kadhaa chini yake. Kwa nje unaona alama ndogo tu kama ya sindano, pengine na tone la utomvu. Siku moja au mbili zikipita, mayai yanatoka funza. Funza wanakula ndani kwa muda wa wiki moja hivi, au zaidi kidogo. Ngozi juu ya mahali hapo inakuwa laini na kugeuka kahawia, na embe linaanguka. Funza aliyeshiba anatoka kwenye tunda, tena anaweza kujikunja na kuruka kama panzi mdogo, halafu anaingia kwenye udongo, vidole viwili au vitatu kwenda chini. Hapo anajifunga katika ganda la kahawia linalofanana na punje ya mchele. Baada ya siku kumi au wiki mbili, anatoka akiwa inzi mwenye mabawa. Kwa joto la kwetu, kutoka yai mpaka inzi ni kama wiki tatu au nne. Jike mmoja, maisha yake yote, anaweza kutaga mayai zaidi ya elfu moja.

Tufanye hesabu ya sokoni. Tuseme embe moja limeanguka na funza 30 ndani yake, na tumeliacha pale pale. Tuseme wote wametoka salama, na nusu yao ni majike. Hao ni majike 15. Sasa hata kila mmoja akitaga mayai mia moja tu, umepata mayai 1 500 kutoka embe moja ambalo ulilipita bila kuinama. Na chini ya mti mmoja huwa kuna maembe mangapi?

Ndiyo maana maembe ya mwanzo wa musimu yanakuwa na nafuu na ya mwisho yanajaa funza. Yale ya mwanzo, yaliyoanguka tukayaacha, ndiyo yaliyozaa inzi wa mwisho.

Nataka kusema na jambo lingine, nalo ni zito kuliko hesabu. Funza wa maembe wameleta maneno mabaya kati ya wanawake.

Mama ananunua rundo la maembe, mazuri kwa nje. Anafika nyumbani, anakata mbele ya watoto, anakuta funza. Kesho yake anarudi sokoni kwa hasira, anasema muuzaji alijua, alimficha, ni mwizi. Muuzaji analia, kwa sababu alama ya sindano haionekani kwa urahisi, na jioni alipoyapanga funza walikuwa bado mayai. Nimeona marafiki wa miaka mingi wakiacha kusalimiana kwa ajili ya rundo la maembe.

Tena kuna lililo baya zaidi. Mti wa mtu mmoja unazaa safi, wa jirani unaoza wote. Watu wanaanza kuuliza ni nani alipita chini ya mti ule, ni nani aliuangalia, ni nani ana wivu. Na karibu kila mara kidole kinaelekea kwa mwanamke mzee, mjane, asiye na mtu wa kumtetea. Wote tunajua maneno kama hayo yanaweza kumfikisha mtu wapi. Yanaanza na embe, yanaishia mtu kufukuzwa kwenye lupango aliyozalia watoto wake.

Wamama, mti ule umeoza kwa sababu tunaweza kuzitaja. Labda ni wa aina inayochelewa kuiva, na inzi wamekwisha kuwa wengi. Labda pembeni yake kuna mpera, kwa maana inzi huyu anapenda sana mapera, na yanamlisha wakati maembe hayapo. Labda matunda ya mwaka jana yalizikwa juu juu tu. Ukichimba kidogo chini ya mti ule utaziokota zile punje za kahawia kwa mkono wako. Ziweke ndani ya chupa yenye mchanga kidogo, ufunge mdomo kwa kitambaa, ungoje wiki mbili. Utawaona inzi. Waonyeshe wale wanaosema uchawi. Kitu kinachoonekana ndani ya chupa kinaweza kumwokoa bibi wa watu.

Basi tufanye nini? Inzi huyu ana milango mitatu anayopita: tunda, udongo na hewa. Mlango wa hewa ni mgumu kwetu. Wataalamu wana mitego yenye harufu ya kuwavuta madume, na chakula cha chachu kinachowavuta majike pia, kwa sababu jike hawezi kukomaza mayai bila kula protini. Kenya wametumia mabaki ya chachu ya viwanda vya bia kutengeneza chakula hicho. Siku kikifika kwetu kwa bei ya kufaa, tukipokee. Lakini milango miwili ya kwanza, tunda na udongo, iko mikononi mwetu, maana anayefagia chini ya mwembe asubuhi ni mwanamke na watoto wake.

La kwanza ni kuokota. Kila maembe yaliyoanguka yaokotwe, kila siku ikiwezekana, angalau mara mbili kwa wiki, kabla funza hawajatoka kuingia ardhini. Na yale yaliyooza mtini yaangushwe pia.

La pili ni kuyaua hayo yaliyookotwa. Kuyatupa nyuma ya nyumba ni kuwahamisha tu funza. Chimba shimo refu, yafunikwe na udongo wa nusu metre juu yake, yaani kama kufika gotini kwa mtu mzima. Shimo fupi halifai kitu, inzi akizaliwa anajisukuma na kutoka. Kama una mfuko mweusi wa plastiki usiotoboka, weka ndani, funga sana, acha juani siku kadhaa mpaka joto liwamalize. Mwenye nguruwe awape wale mara moja, wasibaki kulala hapo.

La tatu ni kuku. Waache wachakure chini ya mwembe. Zile punje za kahawia kwao ni chakula kizuri.

La nne ni kuchuma mapema. Embe lililokomaa likiwa bado gumu halijamvuta sana inzi kama lililoiva juu ya mti. Chuma, liivie ndani ya nyumba. Na yakiwa mengi kuliko soko, yakate vipande vyembamba, uyakaushe juani chini ya chandarua safi. Embe kavu linangoja bei, embe bichi halingoji.

La tano litawachekesha. Wale chungu wekundu wanaoshona majani ya mwembe kuwa kiota, wanaotuuma tukipanda, msiwachome moto. Watafiti wa Benin waliona kwamba miti yenye chungu hao inapata hasara ndogo ya inzi. Chungu wanamfukuza jike asitulie kutaga, na hata harufu wanayoiacha kwenye tunda inamfanya alikimbie. Wanatuuma, ndiyo, lakini ni walinzi wasiodai mshahara. Wakati wa kuchuma, mtu ajipake majivu mikononi, achume asubuhi mapema.

Na wale wa mizeituni wanatufundisha hilo hilo. Pamoja na nyigu wao, bado wanaokota zeituni zilizobaki mtini na chini baada ya mavuno. Wengine wanapuliza juu ya matunda udongo mweupe laini uliochanganywa na maji, unaofanana na pemba yetu, ili jike asilitambue tunda na asipate pa kutua. Hata icipe walifanya yote mawili kwa ajili ya maembe. Mwaka 2006 walileta kutoka Hawaii nyigu mdogo aitwaye Fopius arisanus, anayetafuta mayai ya inzi ndani ya tunda, lakini hawakuacha kuwafundisha wakulima kuokota maembe yaliyoanguka. Hakuna nyigu anayefanya kazi ya mtu mvivu.

Mama mmoja aliniuliza: mtoto akimeza funza wa embe, atapata ugonjwa? Funza huyu anaishi kwa kula tunda, haingii katika mwili wa mtu. Tusimchanganye na yule anayeingia kwenye ngozi na kufanya jipu. Huyo ni wa inzi mwingine kabisa, anayetaga kwenye nguo zilizoanikwa nje, na ndiyo sababu tunapiga pasi nepi na mashuka, hata kwenye pindo. Lakini tunda lililooza si chakula cha mtoto, ata likiwa halina funza. Kata pale palipoharibika, uwape sehemu nzuri, mikono na embe vikiwa vimeoshwa.

Nimebakiza neno moja, nalo ndilo lililonifanya niandike.

Haya yote, ukiyafanya peke yako, yanasaidia kidogo tu. Nimesafisha chini ya mwembe wangu kila asubuhi kwa musimu mzima, na nyuma ya ua wangu kulikuwa na lupango lisilo na mtu, maembe yakioza kwa mamia. Inzi hakuomba ruhusa ya kuvuka. Inzi hajui mpaka wa lupango, hajui huyu ni Muluba na yule ni wa kabila lingine, huyu ni mwenyeji na yule ni mkimbizi aliyefika juzi. Anajua mahali penye tunda.

Angalieni Kenya. Mwaka 2014 nchi nzima ilisimamisha yenyewe kupeleka maembe Ulaya kwa sababu ya inzi huyu, na iliwachukua miaka mpaka 2021 kuanza tena. Waliporudi hawakurudi kwa mkulima mmoja hodari. Walipanga maeneo mazima, watu wote wa eneo wakiokota, wakizika na kutega pamoja. Sisi hatupeleki Ulaya. Sisi tunapeleka sokoni na kwenye stesheni. Lakini pesa ile ndogo ndiyo daftari, ndiyo sabuni, ndiyo franka za daktari mtoto akishikwa na homa usiku. Embe moja linalooza ni kitu kidogo. Nusu ya mti ikioza, ni muhula wa shule.

Kwa hiyo naomba kila kikundi chetu kiweke jambo hili katika mkutano wake wa wiki hii. Tuna salongo ya kusafisha mitaro, tuwe na salongo ya maembe, siku moja kwa wiki, tangu tunda la kwanza linapoanguka mpaka la mwisho. Avenu moja, shimo moja refu, tuchimbe kwa zamu. Watoto waokote, wanapenda kazi hiyo ikiwa wengi. Malupango yasiyo na watu tuyaombee ruhusa kwa chef wa avenu, tuyasafishe pia. Miti ya wajane na wazee isafishwe kwanza, maana wao hawana nguvu ya kuinama, na ndio wanaotupiwa maneno miti ikioza.

Musimu unakaribia. Wenye majembe mazuri waseme mapema.